Niko Nyuma Kidogo

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, na begi limefika pamoja nami ingawa mpini wake umebaki njiani. Mwambie baba nimeshapata mahali pa kulala, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Dirisha linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni msafi. Mwenye nyumba ni mjane mpole ambaye haniulizi kitu isipokuwa kama nimezima pasi. Magoti ya baba yanaendeleaje? Tafadhali asipande ngazi kwa ajili ya ile antena. Tangu nizaliwe haijawahi kushika kitu chochote.

Najua ulinikataza kueleza mambo ya nguo kwenye simu. Ulisema simu husahau na karatasi haisahau, na kwamba barua zangu utazibandika ukutani juu ya meza ya kukatia ili mafundi wote wasome. Kwa hiyo naandika kwa mwandiko wa sikukuu.

Shangazi, nimeshaingia maonyesho matatu ya mitindo! Mambo ya ile kazi niliyoijia kwenye jarida bado yanapangwa, usijali, ila nimepata namna ya kuingia. La kwanza lilikuwa kwenye ghala la zamani, viti mistari minne kila upande na jukwaa refu katikati. Watu walikuja wamevaa kana kwamba wao ndio maonyesho. Nafasi yangu iko nyuma kidogo, lakini naona vizuri.

Kulikuwa na gauni jeusi lenye zipu kuanzia shingoni hadi chini ya kiuno, na juu ya zipu kulabu ndogo iliyofichwa kwa ulimi wa kitambaa. Bitana yake imeshonwa kwa mkono, mishono midogo mpaka unaona aibu kuihesabu. Koti moja pindo lake limetiwa mnyororo mwembamba kwa ndani ili litulie lisipeperuke. Nilitamani ungekuwepo ulishike. Rangi ni nyingi mno, nitakueleza siku nyingine.

Wasalimie mafundi wote. Mwambie Fundi Mrefu asiguse mkasi wangu.

Mwanao,
Pini


20 Februari

Pini wangu,

Marahaba mara mia. Barua yako imesomwa kwa sauti na Fundi Mrefu akiwa juu ya kigoda, kana kwamba urefu aliopewa na Mungu haumtoshi. Tulicheka, tukapiga makofi, kisha tukaibandika. Mkasi wako ameugusa.

Baba yako amepanda ngazi. Ameshuka pia, kwa njia ya mkato, akaangukia mashuka yaliyokuwa yameanikwa. Hakuumia popote isipokuwa heshima. Nimeyafua upya mashuka, naye nimemnyima chai siku moja ili akili imrudi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwenye duka la nguo alikuja Jumanne na hakukaa. Mtu asipokaa kwangu ujue ana neno. Unayakumbuka yale magauni mia ya mwaka jana yenye marinda kiunoni, niliyoyatoa kwenye picha ya jarida? Yamening'inia dukani kwake mpaka mabega yamepauka. Anataka mengine mia na ishirini kwa msimu ujao, mtindo nichague mimi. Halafu akasema kwa ile adabu yake inayochoma, "Mama fundi, na haya yakinikalia, mwakani nitaagiza kiwandani."

Pini, duka lile ndilo linaloendesha cherehani zangu. Nikilikosa, mafundi wangu wanne nitawaambia nini? Fundi Mrefu yuko nami tangu akiwa mfupi.

Kitambaa kinafika wiki ya kwanza ya Aprili. Nitakata utakachoniambia wewe, hicho hicho. Nimemwambia mwenye duka kwamba mtoto wa kaka yangu hukaa mbele kabisa, goti kwa goti na wabunifu wenyewe. Najua uliandika nyuma kidogo, lakini nyuma ya wakubwa ni mbele ya sisi wengine wote, au siyo?

Basi niambie. Mikono ikoje msimu ujao? Rangi gani? Urefu unaishia wapi?

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi baba yu mzima, na nimesikitika kwa mashuka. Mimi sijambo. Mafua yalinishika siku nne, mwenye nyumba akaniletea supu na kuniuliza kama nimezima pasi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikujua kama mambo na mwenye duka yamefika hapo.

Haya, majibu yako. Mikono ni mipana. Mipana sana, imejaa begani kisha ikabanwa kwenye kifundo cha mkono. Rangi ni ya haradali. Kila mtu anasema haradali. Urefu ni chini ya goti. Nadhani hayo ndiyo makubwa.

Jambo jingine dogo la kuchekesha: viatu vyote vya maonyesho ni vikubwa kuliko miguu inayovivaa. Ndani hujazwa karatasi laini ili visivuke. Na magauni yakipwaya, hukusanywa mgongoni kwa vibanio, vile vile vya kuanikia nguo. Watu wanapiga makofi mbele, na nyuma kuna vibanio sita.

Shangazi, mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Maneno manne yanajaza mstari. Nilidhani ni bango la mkutano.

Pini


19 Machi

Pini,

Marahaba. Ni kalamu. Fundi Mrefu alininunulia kalamu nene, nami sitaki kumvunja moyo.

Baba yako ameacha antena, sasa anafuga bata. Wawili. Mmoja anamchukia waziwazi.

Nimesikia habari ya mikono mipana. Inakula kitambaa kama mbuzi aliyekata kamba, lakini kama ndiyo inayokuja, tutafanyaje? Haradali nitaiulizia. Mkasi utapita Jumatatu ya tarehe sita Aprili.

Nina swali dogo tu la fundi mzee. Ile kulabu ya juu ya zipu uliyoniandikia mwanzo, ulimi wake unalalia kulia au kushoto? Na ule mnyororo wa kwenye pindo la koti, ukiushika, una uzito gani?

Jibu upesi, mwanangu.

Shangazi


27 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za mwenye nyumba wala za mafua.

Ulimi unalalia kushoto. Mnyororo ni mwepesi kama mkufu wa mtoto. Niliyaandika hayo kabla sijafikiri, kisha nikayasoma, nikaweka kalamu chini. Mtu aliyekaa kitini hawezi kuyajua. Nawe uliuliza kwa sababu ulijua hivyo.

Basi nakuambia. Siku niliyofika kwenye ofisi za jarida nilikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa kwamba wamesimamisha kazi. Niliketi kwenye ngazi zao mpaka mlinzi akanihurumia. Yeye ndiye aliyeniambia kuna mama anatafuta wavalishaji wa maonyesho. Hiyo ndiyo kazi yangu, Shangazi. Nasimama nyuma ya pazia, penye mwanga hafifu, nimevaa nguo nyeusi, mdomoni pini, kiunoni mkanda wa sindano na vibanio. Mwanamitindo anaingia mbio, namvua, namvalisha, namfunga, namsukuma atoke. Nikichukua zaidi ya dakika moja nafokewa. Makofi nayasikia tu. Sijaona gauni hata moja likiwa kwenye taa.

Nilikuandikia "niko nyuma kidogo", nikajifariji kwamba si uongo. Ni kweli niko nyuma. Ila nilijua utakavyoelewa, na nikakuacha uelewe hivyo, kwa sababu ulikuwa umeshawaambia watu wote kwamba naenda kuwa mtu. Hilo ndilo linaloniumiza. Hukunilea hivyo.

Mikono mipana na haradali niliyasikia kwa wageni wawili waliokuwa wakinawa mikono. Na yule wa haradali, nikikumbuka vizuri, huenda alikuwa anazungumzia mapazia ya sebule yake.

Usiikate mikono hiyo. Hilo tu ndilo ombi langu.

Nina jambo moja tu ninalolijua kweli, na najua kwa sababu ya kidole gumba. Maonyesho ya Februari yalikuwa ya nguo zinazoingia madukani sasa hivi. Nguo thelathini na moja zilipita mikononi mwangu, ishirini na saba zina zipu ya mgongoni. Gumba langu lilichubuka mpaka nikalifunga kitambaa. Haya ya Machi ni ya msimu ujao. Nguo thelathini na nne, za wabunifu watatu wasiopatana hata kwa salamu. Za zipu mgongoni ni tano tu. Nyingine zina vifungo mbele kuanzia shingoni hadi pindoni, au zipu ya ubavuni, au unazikunja na kufunga mkanda mwenyewe. Wanamitindo walikuwa wanajivalisha kabla sijawafikia. Nilisimama mikono mitupu, na msimamizi akaniita mvivu. Gumba limepona kabisa.

Wale wa vitini nadhani hawajaliona. Kwao gauni linatoka pale limeshavaliwa, nani atauliza limevaliwaje? Mimi naona msimu ujao wanawake watataka nguo za kuvaa bila kuita mtu.

Lakini mimi ni nani wa kuaminiwa sasa? Amua wewe. Na nakuomba, barua hii usiibandike.

Nisamehe.

Pini


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tarehe sita imepita, leo ni wiki mbili, na sijapata neno lako.

Najua ulisema simu si ya mambo ya nguo, lakini nilipiga kukujulia hali. Haikupokelewa. Nikampigia baba. Akasema, "Shangazi yako anapumzika." Nikamuuliza anapumzika kivipi, maana tangu nimezaliwa sijakuona umepumzika, hata mafua uliyaugua ukiwa unapiga pasi. Akaniambia bata wameanza kutaga, akakata.

Kama umekasirika, una haki. Nitukane kwa karatasi nzima, pande zote mbili, nitasoma kila neno. Ila usinyamaze. Nawaza kwamba barua yangu ilichelewa, kwamba mikono mia mbili na arobaini imeshakatwa kwa neno langu, kwamba Fundi Mrefu yuko nyumbani hana kazi. Jana nilimfunga mwanamitindo kifungo kwenye tundu lisilo lake na akatoka hivyo hivyo.

Sina cha kujitetea. Niambie tu uko mzima.

Pini


2 Mei

Pini, mwanangu wa pekee mpaka mwezi uliopita,

Marahaba. Mimi ni mzima, mzima kuliko ulivyoniacha. Kaa chini, maana nina habari. Nimepata mtoto.

Mtoto wa jicho. Daktari aliponiambia nilicheka mpaka akadhani nimechanganyikiwa. Miaka sitini na moja sikujaliwa kuzaa, halafu huyu anajileta mwenyewe, tena jichoni. Na ni pacha, maana jicho la kushoto nalo lina wake, ila huyo bado mdogo. Wa kulia wamemtoa tarehe saba Aprili. Nikafungwa bandeji, nikakatazwa kuinama, kupiga pasi, kusoma na kuandika. Baba yako ndiye aliyenipeleka na kunirudisha, na nilimwapisha asikuambie kitu. Anaficha siri vibaya sana, kwa hiyo nilimwambia akikwama ataje bata.

Haikuwa kalamu, Pini. Mwaka wa pili huu nilikuwa naona ukungu. Nilikata kwa vidole na mazoea. Fundi Mrefu alijua, akawa anapitisha chaki yake juu ya yangu nikigeuka, bila kusema. Barua zako alizisoma kwa sauti kwa sababu mimi sikuweza. Nilikutuma uende ukaone kwa ajili yangu, nami sikukuambia kwamba sioni. Niliogopa. Fundi asiyeona ni nini? Ni mama mzee aliyekaa karibu na cherehani.

Sasa sikia hili, na ucheke, maana mimi nimecheka peke yangu mpaka daktari angenikataza na hilo. Waliponifungua bandeji, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni lile jarida la mwaka jana. Ile picha ya marinda kiunoni. Nikaisogeza dirishani. Pini, yale hayakuwa marinda. Ulikuwa mkoba. Msichana wa watu alishika mkoba laini wa kitambaa kiunoni, nami nikaushona kwenye magauni mia moja. Watu wa mji huu walikataa kuvaa mkoba, na walikuwa na haki kabisa.

Kwa hiyo nani amtukane nani? Wewe umesema umeona usichokiona, mimi nimesema naona nisichokiona. Ngoma droo. Uongo wako ulinichoma, sitakuficha. Si kwa sababu uko nyuma ya pazia. Kwa sababu ulidhani ningekuonea aibu. Mimi! Mtu aliyekufundisha kutia uzi kwenye sindano kabla hujajua kuandika jina lako. Usione vyaelea, vimeundwa. Wewe uko kwa wanaounda, nami nikuonee haya? Usilirudie tena jambo hilo. Basi, limekwisha.

Nilishajua tangu barua ya kwanza, iliposomwa habari ya bitana. Mgeni gani wa kitini anaona bitana? Barua nzima migongo mitupu. Nikamwambia Fundi Mrefu, "Nyani haoni kundule, lakini huyu mtoto anaona ya kila mtu." Nilipouliza ya mikono na rangi nilitaka nione kama utasema hujui. Ulipotaja haradali nilisikitika. Nikakutegea ile kulabu, na nikaomba Mungu unijibu kama mtu.

Ulinijibu. Barua yako ya kukiri ilifika tarehe nne Aprili, kitambaa kikiwa mezani. Cha buluu, haradali hawakuwa nayo. Fundi Mrefu alinisomea pembeni, kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye gumba lako nilimwambia asome tena. Aliposema thelathini na nne kwa tano, niligonga meza. Mwanangu, yale ya mwanzo yalikuwa maneno, haya sasa vilikuwa vipimo. Mafundi wote tulikaa, na nilipouliza ni nani hapa anayeishi na mtu wa kumfungia zipu, walinyoosha mkono wawili kati ya wanne.

Tukakata Jumatatu ile ile. Vifungo mbele, shingoni hadi pindoni, na thelathini za kukunja na kufunga mkanda. Mimi ndiye niliyeweka mkasi wa kwanza, kwa vidole. Kesho yake nikaenda hospitali na moyo mweupe.

Hatujui bado kama yatauzika. Mwenye duka anayachukua wiki ijayo. Lakini nimelala vizuri, wewe nawe ulale. Barua yako sikuibandika.

Shangazi yako mwenye jicho


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo na shikamoo tena. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za duka la viatu, sikuweza kufika chumbani. Nililia kwa sauti. Muuza viatu akatoka akadhani nimefiwa. Nikamwambia, "Hapana, shangazi yangu alishona mkoba." Akarudi ndani bila kuuliza zaidi.

Nimekukasirikia pia, ujue. Upasuaji wa jicho, peke yako na baba na habari za bata! Ningekuja. La kushoto likiiva nakuja, na hilo sikuombi ruhusa.

Kifua kimekuwa chepesi. Nilikuwa nimezoea uzito huo mpaka nikadhani ndivyo nilivyo. Leo asubuhi nimevalisha watu kumi na mmoja na sikukosea hata kifungo.

Mwanao,
Pini


3 Julai

Pini wangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu, bata anayemchukia ameangua tisa na sasa kila anapopita wanamfuata mstari mzima. Jicho langu linaona mpaka mambo nisiyoyataka, kwa mfano vumbi lililokuwa juu ya kabati langu miaka yote hii bila mtu kuniambia.

Mwenye duka amekuja jana. Ameketi. Ameomba na maji ya kunywa. Magauni mia na ishirini yamekwisha kwa wiki tano, na wanawake wanarudi kuulizia. Nikashika meza, nikajifanya natafuta chaki.

Nilikwenda mwenyewe dukani siku moja kabla hayajaisha, nikakaa pembeni kama mteja. Akaja muuguzi mmoja, mtu mzima, ameingia chumba cha kujaribia na gauni letu. Msichana wa duka akamwuliza kwa nje, "Mama, nije nikufungie?" Muuguzi akatoka, amejifunga vifungo vyote, anajitazama kwenye kioo mbele na pembeni. Akasema, "Mimi naishi peke yangu. Nilikuwa namgongea jirani anifungie zipu, na jirani amehama." Alilivaa vile vile akaondoka nalo, lile alilokuja nalo likafungwa kwenye karatasi. Nilitamani kumwambia kwamba kuna mtoto mmoja mahali fulani alikuona kabla hata hujaingia dukani. Nikanyamaza, maana angedhani jicho limenipanda kichwani.

Mafundi wangu wako kazini wote. Naomba ulijue hilo vizuri, maana najua ulivyoteseka. Wako kazini, wanapiga kelele, na Fundi Mrefu ameanza kuimba tena, bahati mbaya.

Sasa mwenye duka anataka mia na hamsini. Ameniletea jarida jipya, la karatasi inayong'aa, akasema nichague humo. Nimelifungua, naona hadi kope za wasichana. Nikalifunga nikamrudishia. Nikamwambia mimi nina mtu wangu, na wala hakai mbele. Mtu wangu yuko nyuma ya pazia na ndiye anayewavalisha. Alinitazama kwanza, kisha akasema, "Basi mwulize."

Kitambaa kimetandikwa mezani tangu asubuhi. Mkasi uko juu yake na hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Niambie nikate nini.

Shangazi


12 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, salamu nyingi nitaziandika Jumapili. Hii naiwahisha posta kabla haijafungwa.

Kata mifuko. Kabla mwanamitindo hajatoka, ni kazi yangu kukagua mifuko isibaki na kitu. Mwezi Machi nilikuwa namaliza kwa jicho tu, maana mingi ilikuwa ya uongo, ulimi umeshonwa juu na chini hakuna kitu. Wiki hii nguo arobaini na mbili zimepita kwangu, na kwenye thelathini na sita nimetia kiganja kizima mpaka kifundo. Nimetoa pipi, tiketi, pete ya mtu, na barua ambayo sikuisoma. Weka ubavuni, chini kidogo ya kiuno, na bitana iwe imara kwa sababu watabebea vitu vya kweli.

Mikono ya nguo sijui. Urefu sijui. Rangi usiniulize, Shangazi, sikuziona.

Pini